Figo za Nyumba ya Mzee Yiamat

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani, na ninyi wa nyuma ambao hamjamaliza kuongea, mimi ni Resiato, dada mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia yake na nitaisoma yote, hata sehemu ya ugonjwa, ambayo Prosper, mtoto wa kaka yangu Nathanael, aliniomba niiruke, kwa kuwa kikao cha ukoo kimeshaamua kwamba aliyemuua ni mkewe, asitupe udongo kaburini, na matanga yakiisha arudi kwao.

Lemburis Yiamat alizaliwa tarehe 8 Machi 1973 hapa Oldonyosambu, kitinda mimba wa Mzee Yiamat, akasoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia 1981 hadi 1987, hakufaulu wala hakulia, akaenda Lemara kujifunza ufundi wa pampu za maji, na tangu 1994 visima vya upande huu vimepita mikononi mwake, wengine wenu mmenawa maji yake asubuhi hii ndipo mkaja kumsema mkewe.

Tarehe 18 Septemba 1999 alifunga ndoa na Anyesi, binti wa Monduli, huyu aliyekaa mbele peke yake kwenye benchi la watu watano, wakajaliwa watoto watatu, Peter, Elizabeth na Mika.

Kisha kaka zetu wakaanza kufa, Daniel tarehe 2 Juni 2014, Nathanael tarehe 11 Oktoba 2019, miguu imevimba, mbavu zimejaa, na ukoo ukatafuta mchawi ukampata humu humu nyumbani, Anyesi, kwa sababu ndiye aliyekuwa akiwapikia uji.

Januari 2024 Lemburis naye alivimba, akaanza kusafishwa damu kwa mashine mjini, tukaitwa ndugu wa damu tupimwe ili mmoja atoe figo, nikaenda peke yangu, wengine siku hiyo walikuwa na ng'ombe wa kuogesha. Daktari kijana alichomeka kipimo kidogo kwenye simu, akakipitisha mbavuni mwangu, akanigeuzia kioo cha simu nikaona figo zangu zimejaa vifuko vya maji kama mayai ya chura.

"Bibi, huwezi kumpa," akasema. "Na wewe unao ugonjwa wake."

Damu yangu na ya Lemburis ikapelekwa mbali kusomwa, jibu likarudi kwamba ugonjwa huu ni wa kurithi, mtoto wa mwenye nao anaweza kuupata au kuukosa, nusu kwa nusu, wengine huwalaza mapema, wengine huwachelewesha kama mimi. Baba yetu alikufa 1991 amevimba vivyo hivyo, na mwaka huo Anyesi alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi kwao.

Daktari alisema anayegundulika mapema hudhibitiwa presha, na siku hizi kuna kidonge kipya, ingawa bado ni adimu, kinachopunguza mwendo wa vile vifuko, figo zikadumu zaidi. Lemburis alichelewa, akafariki tarehe 14 Agosti 2025, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa hili, "Dada, wakimfukuza Anyesi, watoto hawatapimwa."

Ni kweli, mchawi akishafukuzwa nani tena ataenda kupima figo? Ila mimi naishi Lemara, uji wa Anyesi sijawahi kuuonja, je, mkinizika mimi mtamfukuza nani?

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, watu wa Sekei kule mjini waliompa malazi siku za mashine, na mafundi wenzake waliomshikia kazi. Daktari yule amekuja na kipimo chake, yuko chumba cha nje, Peter ataingia wa kwanza. Prosper, mwanangu, wa pili ni wewe, umekuja kumzika baba yako mdogo ukiwa na kandambili miguuni, na sote tumeona kwamba viatu havikuingii.

Udongo wa kwanza atatupa Anyesi, wa pili mimi, na asiyetaka kufuata baada yetu njia ya kwao anaijua.

Lemburis, kazi uliyonituma nimeifanya, pumzika kwa amani.