Nani Atawasemea Wenye Kufukuza

Banc yetu iko mbele ya saluni iliyofungwa, kwenye kona ambayo moshi wa kiwanda cha Shituru huifikia kabla ya jua. Mbao mbili juu ya matofali manne. Mama Bibiane na thermos yake ya kahawa upande wa kulia, sisi wengine popote matako yanapopata nafasi. Mimi wananiita Licencié, kwa kuwa nina licence ya historia, digrii ambayo kwa miaka sita imenifanyia kazi moja tu, kunipatia jina la kuchekwa. Ministre ni Papy, mchimbaji wa mgodi wa Kamatanda, ambaye hajawahi kuingia ofisi yoyote bila kusukumwa nje. Chef de Gare ni Papa Casimir, mzee wa reli, ambaye maisha yake yote hakuwa mkuu wa stesheni wala chef wa kitu. Alikuwa akigeuza njia za treni kwa mkono. Halafu kuna Alexis, tunamwita Micro. Kazi yake ilikuwa kusemea filamu katika salle, ukumbi wa video: Wachina wanapigana, yeye anawatia Kiswahili cha Likasi mdomoni. Salle ile ilifungwa mwaka jana, na tangu hapo naye ni mwenzangu.

Jumamosi ile alifika na daftari, na uso wa mtu aliyefiwa. Padri alikuwa amempa film ya zamani kwenye clé USB: saa tatu nzima, nyeusi na nyeupe, bila sauti hata ya kikohozi. Kati ya picha na picha linatokea bango la maneno, ila kwa herufi ambazo parokia nzima haizijui. Ndani yake mna hadithi nne za karne nne, na zote ni hadithi moja: watu wanawachukia jirani zao mpaka wanawatoa. Kwanza wafinyanzi wa mji fulani wa pwani. Halafu wachimba visima wanaosingiziwa kuleta ugonjwa. Halafu mjane anayesali kivyake. Mwisho, mji wa viwanda, na umati wenye mizigo kwenye kituo cha treni. Saa tisa mchana, siku hiyohiyo, salle ya parokia ingejaa watu. Ikienda vizuri, Micro angepewa salle kila Jumapili. Watu wakicheka mahali pa kulia, basi, arudi kwenye banc. Na umati mtu hausemei peke yake, kwa hiyo alitaka sauti zetu.

Ministre hakukubali kuanza kabla ya kujua kwa nini film ni bubu. Mama Bibiane alimwambia ni ya zamani, na za zamani zote zilikuwa hivyo.

— Apana, Mama. Sauti ilikuwako. Iyi film ilipita Shinkolobwe. Uranium inakulaka kila kintu, meno, nywele. Pa film inaanzaka na sauti.

Micro aliuliza nani aliipitisha huko. Wazungu, akajibu Ministre, wakiificha. Kikombe chake cha pili, film haikuwa imepita tu, ilipigwa hapa hapa: bomba la moshi la hadithi ya nne ni la Shituru, na mwanamke anayekatiza na beseni kichwani ni bibi yake mzaa mama, ukimwangalia vizuri kisigino. Kikombe cha tatu, akageuka kuwa hakimu, na wachimba visima wakapatikana na hatia.

— Bazee banasemaka, muchimba kisima anaingia mwenyewe. Sasa ona. Kama abakukuwa na kosa, baliingia juu ya nini?

— Weye unachimbaka Kamatanda kila siku, nikamwambia, na unaingia mwenyewe. C'est une preuve contre toi, ushahidi juu yako mwenyewe.

Akafikiri kidogo. Kisha akamwomba Micro amwandike yeye kuwa sauti ya wachimba visima, kwa sababu, alisema, wale watu hawana kosa kabisa.

Ndivyo kazi ilivyogawanywa. Micro mwenyewe alichukua wafinyanzi. Mama Bibiane alichukua mjane. Akajaribu kilio palepale, na mpita njia akasimama kumpa pole. Mimi nilichukua watu wa kituo cha treni.

Sikueleza, na hakuna aliyeuliza. Mwaka wa tisini na mbili, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa hapa, babu yangu alilala kwenye gare, kituo cha treni cha Likasi, juu ya mizigo yake, wiki kwa wiki, mpaka treni ilipompeleka Kasai, nchi ambayo hakuwahi kukanyaga, ila baba yake alitoka huko kuja kufanya kazi ya mgodi. Baba yangu alibaki, amefichwa kwa ndugu za mama yangu, Wasanga, wenyeji wa hapa, na ndiyo maana mimi nipo hapa kukosa kazi. Kwenye banc yetu mwaka ule hauzungumzwi. Ukiteleza ukautaja, kila mtu hakuwapo. Ministre alikuwa bado yuko tumboni. Mama Bibiane alikuwa Kambove anauguza dada. Papa Casimir alikuwa na malaria, malaria ya mwaka mzima, ya kwanza katika historia ya utabibu.

Mzee huyo hakutaka sauti ya mtu yeyote.

— Minye mutanipatia filimbi ya treni. Niko na meno mbili ya mbele, inatosha.

Micro akaandika: filimbi, Chef de Gare. Akafunga daftari, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile uso wake ukafanana na wa mtu mwenye kazi.

Hapo akafika Joëlle, muuguzi mpya wa dispensaire, ametoka Kolwezi hana hata mwezi. Alikuja kunywa kahawa kabla ya zamu. Alipoambiwa habari ya film akaomba daftari, akasoma amesimama, kikombe mkononi, kisha akamwita Micro kwa heshima ya kaka.

— Ya Alexis, benye kufukuzwa bote biko na sauti. Benye kufukuza, ni nani atabasemea?

Micro akafungua kurasa zake kana kwamba jibu limejificha humo. Ministre akasema wale waachwe bubu, hawastahili Kiswahili chetu. Micro akamjibu kwamba haiwezekani: katika hadithi ya nne peke yake wanasimama dakika kumi na moja, midomo wazi, ngumi juu, na mtu anayefoka bila sauti anachekesha kuliko mlevi. Salle itacheka. Salle ikicheka, yeye amekwisha.

Mama Bibiane akanisukumia mimi kazi ile, eti nimesoma. Nikasema ukweli: shuleni tulifundishwa tarehe, maneno hatukufundishwa. Ministre akashauri wasemewe kwa Kichina.

— Balitokaka mbali, bale. Abakukuwa bantu ya huku.

— Lakini Ya Alexis anasema ni majirani, akasema Joëlle.

 Lori la madini likapita, tukalishukuru kwa vumbi lake.

— Andika minye, akasema Papa Casimir.

— Papa, weye uko na filimbi.

— Filimbi patia muntu mwengine. Andika.

— Utasema nini? Minute kumi na moja ni mingi, Papa.

Mzee akaweka kikombe chini, kati ya viatu vyake. Akaongea kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.

— Mulikuya na treni, mutarudia na treni. Njo ile tu. Unasema, unarudilia, paka usiku. Aichokeshaka. Mukiwa bengi, ule wa nyuma anasema na hajue nani alianzaka.

Micro akaandika neno kwa neno. Alipomaliza, kalamu ikabaki juu ya ule mstari wa filimbi, na hakuninyanyulia macho.

Nikasema filimbi nitapiga mimi.

Papa Casimir akanigeukia. Hakuniita Licencié.

— Muzuri, mujukuu wa Kabeya. Ilikuwaka moja tu, ya murefu. Usipige mbio. Ngojea kwanza bapande bote.

Miaka yote niliyokalia banc hii, sijawahi kumtajia mtu jina la babu yangu. Mama Bibiane akainamisha thermos juu ya kikombe changu, likatoka tone moja, akaifunga. Joëlle akaenda kazini. Sisi tukaondoka wote pamoja kwenda parokia kujaribu sauti.