Mgongo wa Mbele

Basi la Njoro lilikuwa nusu tupu, mwezi wa tano 2008, na watu wawili walikaa kiti cha mbele yangu. Kijana ndiye alianza. "Sista, si wewe ulikuwa unakuja kudansi muziki ya tekno kwa godauni ya yule DJ Dhruv, Jumapili mchana?"

Msichana Mhindi akashtuka. "Umenijuaje?"

"Kwa mgongo. Mwaka mzima nilikuwa nyuma yako."

Nilivyoelewa, huko kila mtu hucheza akiangalia spika, na kuongea ni mwiko. Hata kanisani kwetu hakuna nidhamu hiyo.

"Dhruv anafungua tena," msichana akasema. "Kuja, tafadhali. Nyumbani hakuna mwenye anapenda hii ngoma. Nyinyi ndio mlikuwa watu wangu."

"Watu gani? Januari, wakati wa vita vya uchaguzi, nilikaa kambi ya wakimbizi Showground wiki tatu. Nani aliuliza niko wapi?"

"Ningeulizaje? Hata jina lako sikujua."

"Hata saa hii hujauliza."

Msichana akafungua mdomo, lakini basi lilikuwa limesimama na kijana ameshafika mlangoni. Msichana akamwangalia kwa dirisha mpaka kijana akapotelea sokoni. Angalau sasa na yeye anajua mgongo wa huyo kijana.