Kamba ya Mafundo ya Shangazi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Shangazi anastaafu kazi hapa bwawani. Sote tunamwita hivyo, hata mhandisi mkuu, ambaye walisoma naye darasa moja.

Alianza kama mpima kina cha maji. Wakati huo magugumaji yalikuwa yamefunika nusu ya bwawa. Yaliyong'olewa yalirundikwa ukingoni, yakaoza na kunuka. Yeye ndiye aliyeuliza kwa nini tunatupa kitu tulichokitolea jasho. Mizizi na majani vikawa mbolea. Mabua yakaanza kusukwa vikapu. Kikapu chake cha kwanza hakikukauka vizuri. Katibu muhtasi alikiwekea mafaili, na baada ya wiki mbili mafaili yakaota ukungu. Mpaka leo, akipewa kikapu, hukinusa kwanza.

Sasa karakana ya vikapu ina wasusi kumi na wanane. Nilipofika miezi minne iliyopita, nikiwa nimetoka tu shuleni, nilidhani hicho ndicho anachojivunia. Sivyo. Anajivunia kamba yenye mafundo, anayopimia kila Ijumaa maji yaliyo wazi, kuanzia kigingi cha ukingoni hadi magugu yanapoanzia. Mwaka wa kwanza yalikuwa mafundo mawili.

Kuna mwaka mmoja ambao Shangazi haufichi. Ilikuja oda kubwa ya vikapu, mabua hayakutosha, naye akaagiza kona moja ya magugu iachwe ikomae. Magugu yalichanua maua ya zambarau, watu wakaja kupiga picha. Mvua ziliponyesha, kona nzima ikang'oka, ikaelea hadi kwenye mdomo wa pampu. Mji ulikaa siku tisa bila maji. Wengi kwenye kikao walilaumu mvua. Shangazi alisimama akasema, "Mvua haikuyafuga. Niliyafuga mimi."

Tangu hapo hatupokei oda kabla ya kupima kwenye mizani mabua yaliyokwisha kuvunwa.

Mwezi uliopita duka moja liliagiza vikapu mia tatu. Mabua yalitosha mia na arobaini. Msusi mmoja, mama wa watoto wanne, alimwomba Shangazi kwa upole aache japo kipande kidogo cha magugu, maana yakiisha, na kazi yao imeisha. Shangazi aliweka kisu chini.

"Mwanangu, hatukuja kuyalima. Yakiisha, tumeshinda."

Kisha akamshika mkono, akampeleka nyuma ya ghala, ambako tangu mwaka jana anajaribu kutengeneza viti kwa ule mti wa miiba uliovamia malisho. Viti viwili vya kwanza viliyumba kama vimelewa. Cha tatu anakikalia mlinzi wa getini, na hajalalamika. Msusi yule sasa anajifunza kutumia randa.

Barua ya kukubali vikapu mia na arobaini tu ndiyo ya mwisho aliyoisaini.

Ijumaa iliyopita hakwenda kupima. Alibaki ukingoni ameshika ncha ya kamba, akamtuma msusi huyohuyo na mtumbwi. Msusi alihesabu mafundo, akarudia, kisha akaita kutoka majini: sitini na moja. Wiki iliyotangulia yalikuwa sitini. Msusi alikuwa anacheka.

Shangazi, asante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutuonyesha lengo la kazi yenyewe. Tunakutakia afya, usingizi wa asubuhi, na maisha mema. Siku tutakayokuita tena, iwe ni kwa sababu kamba imefika ng'ambo.