Mama Ramani na Mtaa Alioupaka Rangi

Kwa masikitiko makubwa, na kwa suti zilizopigwa pasi, Chuo kimetangaza kwamba kimempoteza mwanajiografia wake mahiri. Familia inathibitisha: ni kweli kilimpoteza. Kilimpoteza mwaka 2004, kwa makusudi, kwa kumfukuza kazi na kubadilisha kitasa cha ofisi yake akiwa amekwenda kula.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Ramani, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika chumba cha nyuma ya duka la mikate. Baba yake, fundi viatu, alikuwa mwenyeji wa mji. Mama yake, mshona nguo, alikuja kutoka ng'ambo ya mto, na watu wa pande hizo mbili walikuwa hata salamu hawapeani. "Walikutana kwenye sindano," marehemu alipenda kusema.

Siku ya kwanza darasa la kwanza, mwalimu alimuuliza kwao ni wapi. Akajibu, "Nyuma ya mikate." Akachapwa. Marehemu alidai huo ndio utafiti wake wa kwanza, na kwamba matokeo yake hayakupokelewa vizuri. Hata hivyo alisoma mpaka akapata udaktari.

Utafiti uliompa jina, wa mwaka 1981, ulihusu watu wanaohamia mjini na jinsi makabila yanavyobadilika mtaani. Alibisha hodi mlango kwa mlango, akiuliza kabila la mwenye nyumba, kisha akaipaka nyumba hiyo rangi kwenye ramani: kijani kwa wenyeji, manjano kwa waliokuja. Nyumba moja, rangi moja. Ramani ikasifiwa, Chuo kikaitundika ukutani, naye akampeleka mama yake akaione. Bi mkubwa akaitafuta nyumba yake, akaikuta kijani tupu.

"Mimi umeniweka wapi, mwanangu?"

"Si umo humo ndani, mama."

"Ndani wapi? Mbona sijioni?"

Marehemu akaanza upya. Safari hii hakuuliza kabila. Aliuliza, ukiugua usiku unamgongea nani? Akachora mistari kutoka mlango hadi mlango, ikavuka kijani na manjano mpaka rangi zenyewe zikafunikwa. Chuo kiliitazama ramani hiyo ya pili, kikasema imechafuka, kikaifungia kabatini.

Katika hodi hizo alikutana na fundi bomba mmoja, akasahau penseli zake za rangi chumbani kwa fundi huyo. Alizisahau mara tatu. Msahaulifu wa aina hiyo haponi ila kwa ndoa, nayo ilifungwa mwaka 1983.

Mwaka 2003 Manispaa ilitaka kiwanja. Chuo kikaishusha ile ramani ya kwanza ukutani na kuikabidhi, pamoja na hongera. Nyumba za manjano zikaitwa "makazi ya wakuja", zikapitiwa na tingatinga masufuria yakiwa mekoni. Watu waliozaliwa pale! Marehemu alikwenda mahakamani pamoja na majirani kuishtaki Manispaa na Chuo, akasema mbele ya hakimu kwamba ramani ile ni kosa na aliyekosea ni yeye. Mkuu wa idara yake akamnong'oneza kwenye korido, "Daktari, si ungenyamaza tu?" Hakunyamaza. Kilichofuata ni habari ya kitasa.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2019. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, mumewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watano, majirani waliotawanywa kwenye vyumba vya kupanga pembezoni mwa mji, na kesi ambayo bado inapigwa danadana. Mabinti wameirithi kesi hiyo na hawaiachi. Yeye tunamwombea pumziko jema; waliobomoa tunawaombea usingizi wa mang'amung'amu.

Mkuu wa idara yupo hapa, safu ya mbele, na ameomba dakika mbili za kuzungumza. Familia imemnyima. Lakini asije akaona ameonewa, tunamsomea mwenyewe aliyoyasema wodini wiki ile ya mwisho. Alisimama miguuni pa kitanda, akakohoa kidogo.

"Daktari, Chuo kimeridhia kuupa ukumbi wake mkuu jina lako. Tunachoomba ni hiyo kesi tu, iondolewe."

Marehemu akamuuliza:

"Nani analala humo usiku?"

"Humo? Hakuna, Daktari. Ni ukumbi."

"Basi majirani zangu watatosha humo."