Ubeti wa Kwanza Aliotuachia Oighrig MacPhee

Marehemu Oighrig MacPhee alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 katika kijiji cha Gearraidh Dubh, kisiwani Barra, Uskoti, mtoto wa tatu wa Ruairidh na Flòraidh. Alisoma kijijini hadi miaka kumi na minne, akichapwa kila aliposema Kigaeli, lugha ya nyumbani kwao. Hilo hakulisamehe, na hatutalisamehe kwa niaba yake.

Kazi yake ilikuwa kufuma sufu, kisha pamoja na wanawake wenzake kuipigapiga mezani, ikiwa imelowa mkojo uliochacha, huku wakiimba mpaka ikaze. Hapo ndipo aliporithi wimbo uliotungwa mwaka 1851 na mama wa bibi yake, siku alipotazama nyumba yake ikiungua ili kondoo wa mwenye ardhi wapate malisho. Ubeti wa kwanza ulimtaja kwa jina msimamizi aliyewasha moto.

Julai 1955 akaja msomi mmoja na mashine ya kunasa sauti. Mashine ikakosa ubeti huo.

"Rudia, binti."

"Thubutu! Wimbo haurudiwi juu ya kitambaa kilekile, ni nuksi. Subiri kitambaa kingine."

Msomi hakusubiri, aliwahi meli. Akaziba pengo kwa ubeti wake mwenyewe, wa msichana anayemlilia mpenzi, akachapa kitabu. Tangu hapo wimbo unapigwa harusini. Harusini! Watu walichomewa nyumba, ninyi mnakata keki!

Mwaka 1957 Oighrig aliolewa na Niall, mtengeneza barabara. Bendi ilipoupiga wimbo huo, bibi harusi alimnyang'anya mpigaji akodiani yake, akaikalia mpaka alipoombwa radhi. Aliwaandikia wachapishaji kwa miaka arobaini. Walimjibu mara moja tu: wasomaji wanaupenda ulivyo.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2012. Hospitalini muuguzi aliuimba akimtandikia kitanda.

"Huu wa mapenzi unaujua, bibi?"

"Mapenzi gani, mwanangu? Huyo wa ubeti wa kwanza alituchomea nyumba!"

Alifariki tarehe 9 Novemba 2014, akiwa na miaka 83 na hasira zake zote.

Ameacha binti yake Mairead, anayewasomea maneno haya, wajukuu wawili, na agizo moja. Wiki ya mwisho alimwambia Mairead: "Nilikataa kurudia kwa sababu ya kitambaa. Siku ya kunizika hakutakuwa na kitambaa mezani. Anzeni mwanzo, mtajeni yule shetani kwa jina lake. Mkimaliza, rudieni."

Ubeti umechapwa nyuma ya karatasi hii. Simameni. Yeye apumzike kwa amani. Sisi tuna wimbo wa kuimba, mara mbili.