Nusu Saa ya Kuchimba Dawa

Tulikuwa tumeshatoka Kiomboi wakati mzee mmoja alipojitokeza katikati ya barabara, akapunga shuka jeupe hadi basi likasimama. Alikaa mbele yangu, kando ya mama mmoja aliyemwamkia shikamoo.

“Marahaba. Binti yangu Eliana anapanda ndege leo, hizi mpya za watu binafsi. Mwanza hadi Dar, mwendo wa saa moja na nusu. Nimemwahidi akipita juu atanikuta nampungia. Inaruka saa tano. Nikiongeza nusu saa ya abiria kuchimba dawa, itafika juu ya Singida saa sita, nami niko stendi.”

“Baba, ndege haisimami porini watu wachimbe dawa!”

“Kilomita mia nane na hamsini, wanabana wote?”

“Choo kimo humohumo.”

Mzee alipiga hesabu upya. “Sasa ni saa tano na nusu. Kumbe inapita sasa hivi! Dereva, shusha!”

“Basi lingine ni kesho, mzee,” konda alimwonya.

“Kesho Eliana hatakuwa juu.”

Mimi niliyemaliza chuo juzi nilijua kwamba kutoka kule juu mtu haonekani. Niliona aibu kuwa na elimu hiyo. Tulipoondoka, mzee alikuwa kwenye majani makavu, akipungia anga tupu lile shuka kwa mikono miwili.