Moshi Sebuleni Magamba

Alhamisi, tarehe 12 Juni, saa kumi na robo alasiri, bibi yangu Imakulata aliomba tumkalishe sebuleni, karibu na moto, katika nyumba ya lile shamba la zamani la tumbaku hapa Magamba. Tulikuwapo wanawe wawili, Cletus na Richard, na mimi Glory, mtoto wa marehemu binti yake.

"Tulieni, wanangu, pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia neno. Najua mmeshapata mnunuzi wa matofali na mbao. Basi kijueni mnachotaka kukibomoa. Matofali haya aliyachoma baba yangu, na kuta hizi nene alizipandisha yeye na wenzake, lakini mzungu mwenye shamba alipohamia, baba hakuruhusiwa kukanyaga hata baraza. Mzungu alipoondoka, ushirika ukajaza tumbaku humu, kisha baba yenu akainunua nyumba kwa ng'ombe. Tulikuta mchwa wameshafika kwenye kenchi za paa, maana mzungu alipikiwa nje na mbao zake hazikujua moshi. Nikang'oa dari, nikaweka mafiga hapa hapa. Watu wakacheka, eti Imakulata kageuza ukumbi wa mzungu kuwa jiko! Mchwa hawakucheka, walihama."

"Lakini mama, nyumba ya mzungu itatufaa nini?" mjomba Cletus aliuliza.

"Wewe ulizaliwa chumba kile. Ulilia Kizungu?" Akakohoa, akangoja pumzi. "Chumba cha mashariki mlikipaka rangi nyeupe, mkakataza moshi usiichafue. Paa lake liko wapi leo? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyie hata ukuta hamtajenga, mtauza. Siwalaani, nimechoka tu. Shamba la bondeni gawaneni, na ugomvi wenu wa mpaka uishe kabla sijafukiwa. Nyumba haigawanywi. Ni ya atakayelala humu na kuwasha moto kila jioni, awe wa kiume au wa kike. Asipopatikana, bomoeni, msiiache ife peke yake kama mzee asiye na watu. Nizikeni kando ya baba yenu. Mungu awape mvua... awape... kusikilizana. Niegemezeni."

Mjomba Richard alimwegemeza.

Asubuhi yake, bibi akiwa bado anahema, nilimpigia mwajiri wangu Dodoma, ninakochora ramani za nyumba mpya. Nikamwambia sitarudi.